Feni Mbili na Kipande cha Sabuni

Jumatatu, 9 Septemba 2013

Mungu mkubwa! Naandika kwa kalamu nyekundu maana ya bluu imekauka, lakini siku yenyewe inastahili nyekundu. Mimi Januarius Maduhu, karani wa stoo katika kiwanda cha kuchambua pamba hapa Bariadi, mtu wa kugombana na panya kwa miaka sita, leo nimeteuliwa kuwa Mtathmini!

Ilikuwa hivi. Meneja Masele alituita asubuhi, akasema laptop za ofisi zinachemka mpaka mtu anaogopa kuzigusa. Anataka feni, zile bapa za kuwekwa chini ya laptop ziipulizie. Anataka pia kasha la diski, kile kijisanduku unachotia diski ya akiba, unachomeka waya, unanakili kazi zako. Wenye maduka wawili wameshaleta sampuli. Akauliza nani atazipima aseme ipi inafaa. Justina akanyoosha mkono. Mimi nilikuwa nimeshasimama.

Justina ndiye karani wa kompyuta. Katokea Mwandoya, ana cheti alichosomea Mwanza, na ana tabia ya kusoma maelekezo kabla ya kuwasha kitu. Mtu wa namna hiyo hawezi kutathmini, atachelewesha tu. Meneja akasema sampuli ziko stoo, basi mtu wa stoo azipime. Akaongeza kwamba kazi hii itamwonyesha nani wa kukabidhiwa chumba cha kompyuta mwakani. Chumba kile kina feni ya dari! Kina pazia! Hakina panya hata mmoja.

Mchana Justina akanifuata stoo, akaniomba nianze na kasha, nimalize kesho. Eti orodha ya wakulima wa mbegu, watu mia sita na kumi na wawili wa Migato, iko ndani ya laptop moja tu. Flash zimepigwa marufuku tangu virusi vya Julai, na printa haina wino mpaka wiki ijayo. Orodha itasomwa mkutanoni Alhamisi ya tarehe 19, na asiyesomwa hapati mbegu za kupanda. Nikamjibu kwamba tathmini haikimbizwi. Mama yangu mzazi yumo kwenye orodha hiyo, nitafanyaje mzaha?

Jumanne, 10 Septemba

Elia amekuja. Elia ni mtoto wa shangazi yangu, ana duka la vifaa vya simu na kompyuta karibu na stendi. Kwa maelezo yake, tangu soko lilipoachwa huria kila kinachotengenezwa China kinafika Bariadi, na kila kinachofika Bariadi kinapitia kwake. Sampuli moja ni yake. Nyingine ni ya Joakim wa sokoni, mzee asiyetabasamu, anayekuandikia risiti hata ukinunua betri ya saa.

Elia alisema hakuja kunishawishi. Alikuja kusalimia tu, na kwa bahati alikuwa na mkoba wa laptop begani. Mweusi, mifuko saba, zipu mbili. Akasema mkoba huo unamsubiri Mtathmini mwenye akili. Nikaruka! Nikamwambia mimi sinunuliki, tena asirudie. Halafu nikamuuliza kama upo wa kahawia.

Upo.

Jumatano, 11 Septemba

Leo nimepima feni. Sina laptop ya kujaribia, na kumwomba Justina ya kwake ingekuwa kujidhalilisha. Lakini mtu hakuzaliwa Usukumani bure. Nilikwenda kwenye ukumbi wa mashine, nikachota konzi ya pamba iliyochambuliwa, safi, nyepesi, nikarudi nayo stoo. Sisi hapa pamba ndiyo inayotulisha, basi ipime na upepo.

Feni ya Joakim: ndogo, ya kijivu, chini yake ina kijiwavu chembamba. Nikaweka pamba chini. Ikanata kwenye wavu, ikatulia hapo kama mgeni asiyekaribishwa. Juu hakikutoka kitu. Nikampa alama mbili, moja ya hizo kwa ajili ya umri wake.

Feni ya Elia: feni mbili kubwa, taa nyekundu, hakuna wavu wala nini. Nikaweka pamba chini. Jamani! Ikavutwa, ikapotea, ikatokea juu, ikaruka mpaka kwenye mabati! Nikaweka nyingine, ikaruka. Nikarudia mara kumi na moja, nikicheka peke yangu kama mwendawazimu. Inavuta chini, inatema juu. Nguvu za namna hiyo nilikuwa sijaziona kwenye kitu cha plastiki. Alama kumi juu ya kumi.

Justina alipita akaona pamba imejaa nywele zangu. Akauliza kama feni hizo zina chujio. Nikamwambia chujio ni la chai.

Ijumaa, 13 Septemba

Zamu ya makasha. Hapa palikuwa na ugumu, maana kasha hupimwa kwa kutiwa diski, na diski ya akiba iko kwenye droo ya Justina. Keshaniulizia mara nne nimemaliza lini. Nikienda kumwomba diski atajua sijaanza.

Akili ikaja bafuni. Sabuni ya mche! Nilikata kipande kwa kisu, nikakichonga mpaka kikawa na ukubwa wa diski ya laptop barabara, unene uleule, pembe nne. Kwa kweli kilipendeza.

Kasha la Joakim ni jeusi, zito, lina skrubu nne na karatasi ya maelekezo. Nilipojaribu kufunga, sabuni ikagoma kuingia mpaka mwisho. Alama tatu. Kasha la Elia linang'aa kama sahani ya harusi, halina skrubu, unasukuma tu. Sabuni ikaingia, nikaisukuma kwa kidole gumba mpaka ikazama kwenye meno ya mbele, pale diski inaposhikia. Nikachomeka waya. Taa ya bluu ikawaka! Nikaliangusha kutoka mezani mara mbili, halikufunguka. Alama kumi.

Nilitoa sabuni, nikafuta kasha kwa shati, nikaandika ripoti ya kurasa nne. Halafu nikafungasha sampuli za Joakim nimrudishie. Boksi lake nilikuwa nimelikalia likapasuka, kwa hiyo nikatumia karatasi zilizokuwa pembeni, zile fomu walizojaza wakulima wa Migato kwa mkono. Zilikuwa lundo zima, na yote yaliyomo yako kwenye laptop, basi zinakaa za nini? Zilizobaki nilimpa Flora anayeuza karanga getini. Alinishukuru sana. Stoo sasa ina nafasi.

Jumatatu, 16 Septemba

Ushindi! Meneja amesoma ripoti yangu. Yaani amesoma ukurasa wa kwanza, akaona jedwali la alama, akatia saini. Feni ya Elia imewekwa chini ya laptop yenye orodha, mezani kwa Justina, kwenye kile chumba kinachopakana na ukumbi wa mashine. Dirisha liko wazi kwa sababu ya joto. Feni ikaunguruma, taa nyekundu ikawaka, na hata karani wa mizani akaja kutazama.

Justina aliuliza mambo mawili. Kwanza, kama feni imejaribiwa na laptop. Nikamwambia imejaribiwa kwa kipimo kikali zaidi. Pili, kasha liko wapi anakili orodha. Nikamwambia nitamkabidhi kesho kwa maandishi, maana makabidhiano bila maandishi ni vurugu.

Jioni Elia akaleta mkoba. Wa kahawia! Kwa kuwa sina laptop nimetia michembe niliyoletewa na mama, viazi vyake vya kukausha havina mfano. Nimetembea nao barabara ya stendi kwenda na kurudi. Watu wawili wamenisalimia shikamoo, na mmoja ni mkubwa wangu.

Jumanne, 17 Septemba

Siamini. 

Saa tano asubuhi laptop ilinyamaza. Haikuaga. Justina akabonyeza, kimya. Akaigusa, akarudisha mkono haraka, ilikuwa ya moto kama kikaango. Meneja akaja. Fundi wa mashine akaja na bisibisi. Wakaigeuza, wakafungua mfuniko wa chini.

Pamba!

Pamba tupu! Imejaa kila pembe, imeshindiliwa, nyeupe, safi, daraja la kwanza. Fundi akawa anaivuta kwa vidole, inakuja tu, inakuja tu. Meneja alisema kwa sauti ndogo kwamba yuko kwenye biashara ya pamba mwaka wa ishirini sasa, lakini hajawahi kuona laptop inatoa robota.

Nilisimama pale nikitazama ile pamba, nikakumbuka ikiruka mpaka kwenye mabati. Justina alinitazama nywele.

Fundi akasema laptop imekufa ila diski yake huenda ni nzima, itiwe kwenye kasha isomwe kwa laptop nyingine. Meneja akanyoosha mkono, nilete kasha lililopata kumi. Nikalileta mbio. Justina akatia diski, akachomeka. Taa ya bluu ikawaka, nikapumua. Kwenye skrini hakikutokea kitu. Akachomoa, akachomeka. Hakuna. Mara kumi. Hakuna!

Meneja akakaa chini. Akatukumbusha kwamba zamani mnunuzi wa pamba alikuwa mmoja, mkulima hana pa kwenda. Siku hizi makampuni yako kila kona, na mtu wa Migato akikosa mbegu zetu keshokutwa, pamba yake mwakani ataiona jirani. Kisha akasema lililo baya zaidi: hakuna neno, tuna zile fomu za karatasi, Januarius azilete kutoka stoo tuandike upya.

Nikasema nakwenda. Nimekwenda. Niko chumbani kwangu, mlango umefungwa.

Jumatano, 18 Septemba

Nimefika getini saa moja, kabla ya watu. Flora alikuwa anapanga karanga. Nikamsalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, kwa unyenyekevu, nikamwuliza zile karatasi. Akacheka, akasema baba, zilikuwa nzuri hizo, ngumu, hazipitishi mafuta, zimebaki tatu. Akaniambia ninunue basi.

Nikanunua zote tatu pamoja na karanga zake. Nikakunjua ya kwanza, mtu wa Migato simjui. Ya pili, simjui. Nikakunjua ya tatu, karanga zikamwagika chini. Nyanjige Maduhu. Ekari tatu. Na pale pa saini, dole gumba.

Mama yangu! Nilimshika mimi mwenyewe kile kidole mwezi wa sita, nikakigandamiza kwenye wino, akaniuliza kama karatasi hii haitapotea. Nikamwambia mayu, iko mikononi mwa mwanao. Nimekaa kwenye jiwe la getini nikalia, nasema kweli. Flora akanipa maji, akadhani karanga zilikuwa na pilipili.

Nikaingia ofisini nikasema ukweli. Yaani nilisema kwamba fomu hazipo stoo. Justina akauliza ziko wapi, nikasema zimesambaa. Meneja alifumba macho muda mrefu. Diski ilikuwa bado kwenye lile kasha la Elia, inachomekwa na kuchomolewa tangu jana, imepata joto. Meneja akafumbua macho, akanusa. Akauliza mbona mahali hapa pananukia dobi.

Justina akachukua kasha, akalinusa. Akachomoa diski, akatazama ndani kwa tochi ya simu. Akaniuliza, taratibu kabisa, kama nililipima kasha hili kwa diski ya namna gani.

Kuna nyakati mtu anaomba sakafu ipasuke. Sakafu ya kiwanda chetu ni ya saruji. Nikasema kwa sabuni.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Meno yote ya kasha yalikuwa yameziba sabuni ya bluu, na diski nayo imekwisha kupakwa. Justina akaomba spiriti na mswaki mpya. Mpya haukuwepo, nikatoa wangu. Akasugua diski jino kwa jino, akinong'ona kama mtu anayemsafisha mtoto kidonda. Halafu akasema kasha la Elia ni la kutupa, anahitaji lile la Joakim. Akapanda bodaboda mwenyewe. Joakim alikuwa nalo, na fomu moja bado imelizunguka, ameihifadhi na risiti zake. Mzee yule!

Saa tisa na robo diski ikatiwa kwenye kasha jeusi. Justina akasoma maelekezo kwanza. Akasoma yote! Skrubu nne. Akachomeka.

Ikafunguka. Majina mia sita na kumi na wawili, yote, yamepangwa kwa alfabeti. Meneja akapiga makofi. Mimi nilianguka kwenye kiti. Nikawaambia ile sabuni inaonekana iliilinda diski na unyevu. Wakanitazama wote wawili.

Alhamisi, 19 Septemba

Tumekwenda Migato na gari la kiwanda. Nilikaa nyuma na mkoba wangu, zipu moja imeshakatika. Watu walikuwa wamejaa uwanja wa shule. Mama alikaa mstari wa mbele kabisa, kitenge kipya, hakunipungia mkono, alikuwa anatazama zile karatasi mikononi mwa Justina. Mwaka juzi alikosa mbegu, akapanda za kuokota kwa watu, zikaota robo ya shamba. Najua alikula nini mwaka ule. Michembe.

Justina akasoma. Herufi kwa herufi. Kila jina likiitwa mtu anaitika, wengine wanapiga vigelegele. Ilipofika N niliukumbatia mkoba. Nilishawaza kwamba sabuni ingeweza kufuta jina moja tu, na nilijua lingekuwa lipi.

Nyanjige Maduhu, ekari tatu.

Mama akasimama. Hakupiga kigelegele. Alisema tu gete, mara mbili, kama mtu anayejiambia kwamba ni kweli. Halafu akaenda moja kwa moja kwa Justina, akamshika mikono yote miwili, akamwambia wabeja, ng'wanone. Asante, mwanangu! Mbele ya kata nzima! Akawageukia watu, akasema leo amepata mtoto kule kiwandani. Nimeduwaa. Mtoto wa kule kiwandani ni mimi, mwaka wa sita huu!

Baada ya mkutano nilimwendea, nikampa ile fomu yake, nikamwambia hii nimeiokoa kwa mikono yangu. Akaipokea, akaikunjua, akalamba kidole. Akaniuliza kwa nini karatasi ya serikali ya kiwanda ina chumvi. Akaikunja vizuri, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akauliza kwenye mkoba kuna nini. Nikafungua. Akaiona michembe yake mwenyewe. Akasema mpe yule binti, amesoma majina mengi, atakuwa na njaa.

Nikampa Justina michembe yote. Niliona aibu kubwa, ya kweli. Ilidumu mpaka tulipovuka Lagangabilili, njiani kurudi Bariadi.

Jumatatu, 23 Septemba

Mambo yamekaa sawa. Justina kapewa chumba cha kompyuta tangu leo, haikungojwa mwakani. Feni ya Joakim yenye wavu ndiyo iliyonunuliwa. Mimi nimekabidhiwa brashi, kila Jumamosi nisafishe laptop zote. Nimelichukua kama jukumu la kitaalamu. Kwa utulivu nimelipitia jambo zima tena, na nimegundua kosa lilipokuwa: laptop ile ilikuwa na matundu chini. Feni yangu ilifanya kazi yake.

Sasa, habari kubwa. Meneja amesafiri kwenda Mwanza mpaka Ijumaa, na leo saa nne gari limeshusha sampuli za mitungi ya kuzimia moto, ya aina mbili, myekundu sana na myekundu kiasi. Zimeshushwa wapi? Stoo! Nani yuko stoo? Justina amesema niisogeze pembeni, nisiiguse mpaka Meneja arudi. Wivu huo. Meneja akirudi akakuta ripoti mezani, kurasa nane safari hii, atajua alikosea kuhusu chumba.

Nimejifunza jambo moja, sitarudia kamwe kupima kitu kwa mfano. Hakuna sabuni tena. Mtungi wa moto utapimwa kwa moto wa kweli, mahali pa kweli. Nimeshapachagua, nyuma ya ghala la marobota, pamekingwa upepo vizuri na pamba ya kuwashia ipo karibu. Nitaanza na myekundu kiasi.

Karatasi ya maelekezo nimeipa Flora. Kiberiti ninacho.